Kijana mwenye homa pale Kalighat: kisa cha 1994 kwa wanaotaka kwenda kujitolea kwa masista

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwaka 1994 daktari Mwingereza anaitwa Robin Fox, ambaye ndo alikuwa mhariri wa jarida la kitabibu la Lancet, alipita Kolkata (enzi hizo bado inaitwa Calcutta) akaingia kwenye ile nyumba ya Mama Teresa ya Kalighat, nyumba ya watu waliookotwa barabarani wakiwa mahututi. Humo akakuta kijana mmoja wa kiume aliyeletwa na hali mbaya, homa iko juu. Dawa alizoandikiwa ni tetrasaiklini (antibiotiki) na parasetamo. Baadaye akapita daktari mwingine, wa kutembelea tu, akasema hii inaelekea kuwa malaria, zile akazifuta akampa klorokwini. Fox akabaki na swali lake: hivi kweli hapakuwa na mtu wa kuangalia damu ya huyu kijana kwenye slaidi? Akajibiwa kwamba vipimo pale ni mara chache sana kuruhusiwa.

Simulizi inaishia hapo. Aliiandika kwenye Lancet ya Septemba mwaka huohuo, Novemba yake mwandishi Christopher Hitchens akarusha kipindi Channel 4 Uingereza cha kumchana Mama Teresa mwanzo mwisho, na toka hapo ugomvi haujaisha, huku wanasema mtakatifu yule muacheni, kule wanasema alikuwa anapenda umaskini kuliko maskini wenyewe. Sitaki kuingia kwenye hilo, limeshaongelewa hadi likachacha. Mi nataka kukiangalia hiki kisa kwa jicho la mtu aliyekaa maabara, maana hilo ndo jicho nililonalo, na kwa ajili ya hawa vijana wetu wa jumuiya na wa vyuo ambao kila mara wanauliza nataka niende nje nikajitolee na masista kwa maskini, nianzie wapi. Wengi wana roho nzuri kabisa. Na wengi, hasa waliosomea unesi au uganga, wanafikiria wakifika watashika wagonjwa mara moja.

Sasa kuna sentensi moja ya Fox ambayo kwenye ugomvi wote huu watu wanairuka. Anaeleza kwamba madaktari walikuwa wanapita pale kwa nyakati, lakini kwa kawaida maamuzi yanafanywa na masista na mavolontia, baadhi yao wakiwa na ujuzi wa tiba, kwa kadiri wanavyoweza. Hakumtaja aliyeandika ile tetrasaiklini. Ila utaratibu ndo huo, na kwangu mimi moyo wa kisa uko hapo, tuuangalie.

Kwanza homa yenyewe. Msomaji wa Kiswahili sihitaji kumweleza malaria ni nini, ushaugua, ushauguza. Parasetamo inashusha joto, mgonjwa anatoa jasho, anaomba maji, unaona kama amepata nafuu kumbe vijidudu viko palepale vinaendelea kupasua chembe za damu. Tetrasaiklini ina nguvu kidogo dhidi ya malaria lakini inafanya kazi polepole, ndo maana haitumiki peke yake kwa mtu anayeungua, na aliyeitoa huenda aliwaza homa ya bakteria huko, taifodi au nini. Siyo uamuzi wa kijinga! Mbele ya homa bila kipimo kila mtu anakisia, hata profesa. Klorokwini yenyewe aliyopewa baadaye ilikuwa bado dawa ya kawaida ya malaria hata kwetu mwaka ule, Tanzania tuliiacha 2001 tukahamia SP, dawa nyingine ya malaria, na waliokuwa watoto miaka ya tisini wanakumbuka ile kuwasha mwili mzima usiku unajikuna mpaka unalia.

Na kipimo ambacho Fox alikiuliza siyo kitu cha hospitali ya rufaa. Unamtoboa mgonjwa kidole, tone la kwanza unalifuta na pamba, la pili unaliweka kwenye kioo, unalizungusha na kona ya kioo kingine mpaka linakuwa duara nene la ukubwa wa kitufe cha shati, unaacha likauke. Usilipepee sana, vumbi likiingia utaona vidudu ambavyo havipo. Enzi zile zahanati nyingi tulitumia rangi za Field, za kufanya vidudu vionekane, kikombe A na kikombe B, unachovya sekunde chache huku, unasuuza, unachovya kule, unasuuza tena, unasimamisha slaidi ikauke, tone la mafuta juu, lensi ya mia moja, unaanza kusoma uwanja kwa uwanja. Mgonjwa akisubiri kwenye benchi anapata jibu lake kabla ya saa moja kuisha. Kama hakuna umeme kuna mikroskopu za kioo, unaigeuzia dirishani inachukua mwanga wa jua. Nimetaja haya yote kusudi ionekane kuwa "hakuna uwezo" siyo jibu la kisa hiki, kwenye vituo vya vijijini huku Afrika Mashariki, vyenye bajeti ya kusikitisha, BS, yaani hiki kipimo cha damu cha malaria, ilikuwa inapimwa.

Halafu kuna hii ambayo mi kila nikiisoma natikisa kichwa. Mji ni Kolkata, jamani. Mwaka 1898 Ronald Ross ndani ya mji huohuo, kwenye maabara ndogo ya hospitali ya Presidency General, ndo alikamilisha kuonyesha kwa kutumia ndege (hawa wenye manyoya) kwamba malaria inabebwa na mbu na kuingizwa kwa mate yake, kazi aliyoianza mwaka mmoja nyuma Secunderabad na iliyompa Nobel 1902. Hospitali hiyo ipo, siku hizi inaitwa SSKM ila watu bado wanasema PG, na iko kwenye barabara ya AJC Bose, barabara ileile yenye Mother House, nyumba mama ya masista, namba 54A. Toka Kalighat kwenda PG kwa treni ya chini ya ardhi, ambayo 1994 ilikuwa inafanya kazi, ni kituo cha tatu. Kwahiyo huyo kijana hakuwa porini, alikuwa mlango wa jirani na mahali ambapo malaria ilivuliwa nguo.

Kwanini basi asipimwe? Hapa ndo lazima turudi nyuma, maana ukiruka historia utawaonea masista.

Anjezë Gonxhe Bojaxhiu, Mwalbania wa Skopje, alifika India 1929 akiwa bado mgombea wa utawa kwa masista wa Loreto, akafundisha shule miaka mingi. 1948 akaruhusiwa kutoka utawani kwake aende kwa maskini, na kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kukimbilia mitaani, alienda Patna kwa Medical Mission Sisters, masista wa Anna Dengel, ambao ni madaktari na manesi kwelikweli, akakaa miezi kadhaa akijifunza kuuguza. Kuna habari inayosimuliwa sana ya kule Patna: aliwaambia kwamba masista wake wa baadaye watakula wali na chumvi tu kama maskini wanavyokula, wale masista wa hospitali wakamkatalia palepale, wakamwambia ukifanya hivyo utawaua, watapata kifua kikuu na watashindwa kuhudumia mtu yeyote. Akawasikiliza. Mpaka leo masista wa shirika lake, Missionaries of Charity, wanakula chakula cha kawaida cha kushiba kwa sababu ya ushauri huo. Kwahiyo mama huyu hakuwa mtu wa kukataa utaalamu kwa asili, weka hiyo pembeni tutaihitaji.

Shirika likakubaliwa Oktoba 1950. 1952 mji ukampa jengo la kupumzikia mahujaji pembeni ya hekalu la Kali, Kalighat, na pale akaanza kuleta watu waliokuwa wanafia barabarani. Nasisitiza wanafia. Njaa ya 1943, kugawanywa kwa nchi 1947, wakimbizi kutoka Bengali ya Mashariki, hospitali zimejaa na nyingine zinamkataa mtu ambaye hana ndugu wala pesa na anaonekana hachukui siku mbili. Kwa mtu huyo, 1952, unafanyaje? Unamwogesha, unamfunika, unamlisha kama anameza, unamshika mkono, unamwachia afe kwa dini yake, Mhindu apate maji ya Ganges, Mwislamu asomewe Kurani. Sheria za nyumba zikajengwa juu ya mgonjwa wa aina hiyo. Vitanda vya chini vilivyopangwa safu safu, sahani za bati, hakuna mashine, hakuna faili nene, hakuna maabara. Ilikuwa sawa kabisa kwa siku ile, na mtu anayecheka aniambie yeye angefanya nini.

Lakini Fox anasema kitu kingine ambacho wakosoaji hawakipendi na watetezi pia hawakipendi. Kwamba 1994 wengi wa waliokuwemo walikuwa wanakula vizuri, wanaendelea vizuri, na kama theluthi mbili wanatoka kwa miguu yao. Rudia hiyo, theluthi mbili! Ni sifa kubwa, na Fox aliisifia pia nyumba kwa usafi, kwa namna vidonda vinavyosafishwa na kufungwa, na kwa upendo. Ila hesabu hiyohiyo ndo inayovunja msingi wa sheria za nyumba. Kama watatu wakiingia wawili wanapona, hiyo siyo tena nyumba ya kufia, ni wodi. Na wodi ina deni ambalo nyumba ya kufia haina, lazima ujue nani anaumwa nini. Anayekufa saratani hahitaji BS. Kijana mwenye homa anaihitaji sana, kwa sababu yeye ni mmoja wa wale wawili.

Kwa hiyo kwangu kilichotokea ni hiki: wagonjwa walibadilika, sheria zikabaki zilezile. Ndo maana sikubaliani na wanaosema lilikuwa suala la roho mbaya, na sikubaliani pia na wanaosema masista siyo madaktari kwahiyo hawana la kuulizwa. Fox aliuliza kama masista na mavolontia wasingeweza kupewa hata mwongozo mwepesi wa kutenganisha anayeweza kupona na asiyeweza. Jibu likawa hapana tena, mpangilio wa namna hiyo haukuendana na roho ya nyumba, akaandika kwamba Mama Teresa alipendelea maongozi ya Mungu kuliko mipango, na kwamba sheria zake zililenga kuzuia shirika lisiteleze kwenye kupenda mali, masista wabaki sawa na maskini.

Hilo la mwisho linaeleweka kuliko watu wanavyodhani. Mashirika mengi ya kitawa yalianza kwa maskini yakaishia na hospitali za kulipia na shule za watoto wa mawaziri, sote tunazijua. Mama aliliogopa hilo na akafunga milango yote, pamoja na nadhiri ya nne ya shirika lake, kuwatumikia kwa moyo wote na bure walio maskini kuliko maskini wote. Lakini kuna tofauti kati ya kukataa mashine ya kufulia na kukataa slaidi. Ukikataa mashine, anayelipa ni wewe, mikono yako inachubuka. Ukikataa slaidi anayelipa ni yule aliyelala. Umaskini wa sista ni nadhiri yake mwenyewe, yule kijana hakuapa nadhiri yoyote.

Na huo mwongozo mwepesi siyo ndoto. Miaka hiyohiyo ya katikati ya tisini WHO na UNICEF walikuwa wanatoa ule utaratibu wa kutibu watoto kwa chati, IMCI, na Tanzania na Uganda zilikuwa kati ya nchi za kwanza kuutumia, chati kubwa imebandikwa ukutani, homa siku ngapi, shingo imekaza, anapumua mara ngapi kwa dakika, ukijibu ndiyo nenda kwenye boksi jekundu. Mhudumu mwenye elimu ya wastani anaifuata. Masista wa Kalighat, ambao walikuwa na nidhamu kuliko jeshi, wangeifuata bila shida.

Sasa tuje kwa volontia.

Siku yake inajulikana, waliopita pale wote wanasimulia mulemule. Asubuhi sana misa Mother House kwa anayetaka, saa moja chai, mkate na ndizi, sala fupi, wimbo, halafu mnatawanyika kwenye nyumba, wengine Kalighat, wengine Prem Dan, wengine Shishu Bhavan kwa watoto. Alhamisi mapumziko. Nauli yako, malazi yako, chakula chako juu yako, wengi wanapanga vyumba vya bei chee mitaa ya Sudder. Hawakuulizi dini. Na ukifika Kalighat, awe daktari bingwa wa moyo au mpiga gitaa, kwa kawaida anaanzia kwenye nguo. Mablanketi na mashuka ya usiku, mengine yana choo, mengine damu, yanaloweshwa kwenye dawa, yanafuliwa kwa mkono, yanapita beseni moja baada ya lingine kwenye mstari wa watu, kisha wawili mnashika blanketi kila mtu na ncha yake mnalikamua kwa kulisokota, maji yanawamwagikia miguuni, halafu unapandisha ndoo juu ya paa kuanika. Baadaye ndo kulisha, kunyoa, kukata kucha, kupaka mafuta migongo ya waliolala sana.

Manesi wengi kutoka Ulaya wamelalamika kuhusu hili, kwamba ujuzi wangu unapotea kwenye beseni. Na hapa mimi nitawaudhi watu, kwa sababu naona kwenye beseni masista walikuwa sahihi, walikosea pale kwenye dawa. Fikiria vizuri. Volontia wa wiki mbili hajui Kibengali, hajui Kihindi. Hawezi kumuuliza mgonjwa homa ilianza lini. Anategemea mashi, wale wamama walioajiriwa pale, wamtafsirie kwa ishara. Hajui magonjwa ya pale, akija kutoka Ujerumani malaria ameisoma kitabuni. Hana leseni ya nchi ile. Na kubwa kuliko yote Ijumaa ijayo anaondoka, wanamwimbia wimbo wa kwaheri pale kwenye chai, basi, na dawa aliyoianzisha anaachiwa nani? Mwingine anakuja Jumatatu kutoka Hispania na maoni yake tofauti, anabadilisha. Mgonjwa anakuwa kama daftari la darasa ambalo kila mwalimu wa zamu anaandika ukurasa wake. Nguo hazina tatizo hilo, blanketi lililofuliwa na Mhispania na lililofuliwa na Mkorea yote safi.

Kwahiyo utaratibu wa kumpa mgeni beseni ni wa busara kuliko unavyoonekana, kazi yake inaweza kufanywa na mtu yeyote, ikikatika leo mwingine anaendeleza, na mgonjwa hategemei tiketi ya ndege ya mtu. Shida ni kwamba ukishamnyima mgeni uamuzi wa tiba lazima uwe na mwenyeji aliyepewa uamuzi huo. Pale Kalighat, kwa maelezo ya Fox, kiti hicho kilikuwa wazi. Daktari anapita, hapiti. Katikati yake anakaa yeyote aliyepo na ana ujuzi kidogo. Hapo ndo tetrasaiklini inapopatikana. Ningeulizwa chanzo cha kosa ni nini ningesema siyo mtu, ni kiti kisicho na mwenyewe, na kiti kisicho na mwenyewe kwenye nyumba inayopokea mavolontia kila siku lazima atakikalia volontia.

Kuna suala la maumivu pia ambalo linaunganishwa na kisa hiki, nalipitia haraka. Fox aliona dawa za pale hazina kitu kikali cha maumivu, akasema hilo pamoja na kutopima ndo linatofautisha nyumba ile na huduma za tiba shufaa za kwao, zile za kumpunguzia maumivu mtu asiyeweza kupona. Ni kweli, lakini nusu ya lawama iende Delhi, sheria ya India ya dawa za kulevya ya 1985 ilifanya morfini iwe ngumu kupatikana nchi nzima hata hospitali kubwa, mpaka walipoirekebisha 2014. Nusu nyingine inabaki pale, kwa sababu mwaka mmoja tu kabla ya Fox kwenda Kolkata, 1993, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda Kampala, akiwa na pesa ya kuendeshea miezi michache, na masharti yake kwa serikali yalikuwa kwamba morfini ya maji iruhusiwe, ile ya kunywa ya bei ndogo. Wakaruhusu. 2004 sheria ikawaruhusu hata manesi waliosomea kuiandika. Na Merriman mwenyewe aliwahi kuwa sista, miaka mingi ndani ya Medical Missionaries of Mary, shirika lilelile ambalo Watanzania wa Singida wanalijua kwa hospitali ya Makiungu. Nimemtaja kwa sababu watu wanaongea kama vile masista wako wa aina moja. Wapo waliochagua mkono, wapo waliochagua stetoskopu, na Kanisa lenyewe lilichelewa, ni mpaka 1936 ndo Roma ilipowafungulia rasmi masista mlango wa udaktari na ukunga.

Watetezi wana hoja mbili ambazo lazima zijibiwe. Ya kwanza, bila masista kijana yule angekuwa barabarani, bila tetrasaiklini wala klorokwini. Sawa, kweli. Lakini hoja hiyo inapima nyumba kwa kuilinganisha na mtaro, na ukishamtoa mtu mtaroni ukamlaza kitandani kipimo kinabadilika, wewe ndo ndugu yake sasa. Ya pili, wito wao ni upendo na siyo hospitali. Hiyo alishaijibu Papa Benedikto XVI kwenye waraka wake wa 2005 kuhusu upendo, anasema wanaohudumia wagonjwa na wahitaji kwanza kabisa wawe na uwezo wa kitaalamu, wafundishwe cha kufanya na namna ya kukifanya, halafu akaongeza kwamba huo peke yake hautoshi, binadamu anahitaji na moyo. Watu wetu huwa wanakinukuu kile kipande cha pili tu.

Na Agosti 1996 Mama Teresa mwenyewe alishikwa na malaria. Alikuwa na miaka 86 kasoro siku chache, alilazwa Woodlands, hospitali ya binafsi ya Kolkata, moyo ukisumbua, homa juu, akapimwa, akatibiwa, akapona. Wakosoaji wanaitumia hii kumsimanga, mi siitumii hivyo, bibi wa umri ule watu wanaomzunguka ndo wanaoamua apelekwe wapi na nani angekubali lawama ya kumwacha? Ila kwa kisa chetu inaonyesha kitu cha wazi kabisa: barabara ya kwenda kwenye kipimo ilikuwepo, inajulikana, na inapitika ukiwa na mtu wa kukupeleka.

Hapo ndo nafika kwa vijana wanaouliza. Huku kwetu kila mtu aliyewahi kulaza mgonjwa anajua hospitali ya serikali inaendeshwa na ndugu wa mgonjwa. Ndugu ndo anakimbia na kichupa cha damu maabara, anakaa foleni, anarudi kuulizia majibu mara tatu, analeta uji, anamsumbua nesi mpaka daktari anakuja. Mgonjwa asiye na ndugu anapotelea wodini macho yakiwa wazi. Hospitali kubwa za Kolkata haziko mbali na hali hiyo, na mtu wa barabarani hana huyo ndugu, ndo sababu hata ukisema "si wangempeleka PG" siyo jibu kamili, angelala kwenye korido. Lakini nafasi ya ndugu ndo nafasi ambayo volontia anaiweza! Haihitaji leseni wala miaka mitano ya udaktari, inahitaji miguu, uvumilivu wa foleni, na mwenyeji mmoja anayejua lugha wa kwenda naye. Wakati nyumba ina mavolontia kumi na tano asubuhi moja, wanne wakitolewa kwenye mabeseni wawili wawili kwenda na sampuli, nguo zitachelewa kukauka kidogo, hakuna kingine kitakachoharibika.

Kwahiyo ukiomba kwenda, iwe Kolkata au kwa masista haohao hukuhuku, maana nyumba yao ya kwanza Afrika ilifunguliwa Tabora 1968 na wapo miji mingi ya kanda yetu, usiulize kama utashika wagonjwa. Uliza daktari wa nyumba ni nani na anakuja siku zipi. Uliza homa ikipanda usiku anaitwa nani. Uliza maabara ya karibu iko wapi na nani huwa anapeleka. Kama sista anakujibu bila kusitasita, pokea ndoo ufue kwa amani, hata kama ni nesi wa miaka kumi. Wakikwambia wewe ni nesi, hebu tuangalizie huyu tumpe nini, kataa kwa heshima, mwambie Sista mimi dawa siandiki ila nipatie mtu wa kutafsiri na nauli ya watu watatu, nampeleka akapimwe sasa hivi na nitakaa naye mpaka majibu yatoke.